Tunafanya kazi Naivasha, tumeandikishwa nyumbani: kura ya mfanyakazi mwanamke ina nguvu wapi?

Katibu wa chama, Naivasha, anauliza:

Hamjambo wenzangu. Mimi hufanya kazi ya kufunga maua katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha, na ndimi katibu wa chama cha akina mama wanaoishi Karagita. Naleta hapa swali ambalo limetugawa, nami ningependa kusikia maoni ya watu waliolitafakari kutuzidi.

Katika shamba letu wanawake ndio wengi kwenye kuchuma, kuchambua na kufunga maua, ilhali kunyunyizia dawa, kutunza mitambo ya maji na kusimamia zamu ni kazi zinazopewa wanaume. Kazi zao zimewekwa katika daraja la juu la malipo, na tukiuliza sababu tunaambiwa kwamba zinahitaji nguvu na ujuzi. Sielewi ni kwa kipimo gani kusimama mezani kutwa nzima, ukipima urefu wa kila shina na kukagua kila waridi ili shehena isikataliwe ng'ambo, kumehesabiwa kuwa si ujuzi. Zaidi ya hayo, wengi wetu tuna watoto ambao hawajafika umri wa kwenda shule, nasi huwaacha kwa jirani anayelipwa kwa siku, ambaye chumba chake kimoja kimejaa watoto kuliko anavyoweza kuwaangalia. Katika majuma ya kuelekea Siku ya Wapendanao tunatoka nyumbani alfajiri na kurudi watoto wakiwa wamekwisha kulala, na sehemu kubwa ya malipo ya saa za ziada huishia kwa yule jirani. Simlaumu, kwa maana naye ni mwanamke anayetafuta riziki.

Baadhi ya wanachama wetu wanashikilia kwamba dawa ni kura, yaani tujitokeze kwa wingi tarehe 10 Agosti 2027 na kuwachagua wanawake wanaoijua hali yetu. Wengine wanajibu kwamba mwaka wa 2022 Kaunti ya Nakuru ilimchagua gavana mwanamke na seneta mwanamke, na maeneo bunge ya Naivasha, Gilgil, Njoro na Bahati yakawachagua wabunge wanawake, kwa hiyo kama kuchagua wanawake peke yake kungetosha, mabadiliko yangekuwa yamekwisha kufika mezani petu. Hawa wanataka tuweke nguvu zote katika chama cha wafanyakazi.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi, ingawa wenzangu huliona dogo. Wengi wetu tulijiandikisha kuwa wapiga kura nyumbani tulikozaliwa au tulikoolewa, huko Busia, Vihiga, Siaya na Kakamega. Uchaguzi unapofika, nauli huwa imepanda na siku za mapumziko hazitoshi, hivyo wachache husafiri na wengi hubaki bila kupiga kura popote. Je, tuhamishe kura zetu huku tunakofanya kazi? Au kura si njia ya kutatua mambo ya kazini?

Mwakilishi wa wafanyakazi mstaafu, Nakuru, anajibu:

Dada katibu, nimewahi kuwa mwakilishi wa wafanyakazi kwa muda mrefu katika mashamba ya upande huu, na nimesikia mabishano kama yenu mara nyingi. Pande zote mbili zina hoja, lakini kila upande unaipeleka hoja yake mlango usio wake. Gavana hana mamlaka ya kupanga mishahara ya shamba la maua, hata angekuwa amewahi kuyafunga maua hayo kwa mikono yake. Masuala ya kazi na viwango vya ajira yako chini ya serikali ya kitaifa, na madaraja ya malipo katika mashamba mengi huamuliwa katika makubaliano ya pamoja kati ya chama cha wafanyakazi na waajiri. Ndiyo maana hamwezi kuona tofauti mezani kwa kuwa tu kiti cha kaunti kimekaliwa na mwanamke.

Niruhusu nikae kidogo katika suala la madaraja, kwa sababu hapo ndipo wanawake wa mashambani wanapopoteza fedha nyingi bila kujua kwamba sheria iko upande wao. Sheria ya Ajira ya 2007, katika kifungu cha 5, inamtaka mwajiri alipe malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Haisemi kazi ileile; inasema thamani sawa. Kwa hiyo mwajiri hawezi kujitetea kwa kusema kwamba ninyi mnafunga maua na wao wananyunyizia dawa, na kuishia hapo. Ataulizwa ujuzi unaohitajika, juhudi, wajibu na mazingira ya kila kazi, na kama aliyapima kwa haki. Kifungu hichohicho kinaeleza kwamba mfanyakazi akilalamika kuwa amebaguliwa, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba ubaguzi haukutokea. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inasikiliza kesi hapa Nakuru, ingawa ningeshauri mwanze kwa kuitaka tathmini ya kazi zote iingizwe katika mazungumzo yajayo ya makubaliano, kwa sababu kesi ya mfanyakazi mmoja humchosha yeye, na mazungumzo huwabeba wote.

Lakini mazungumzo hayo huendeshwa na nani? Hapa nasema kwa uchungu. Wanawake hukatwa ada ya chama kila mwezi sawa na wanaume, tena katika mashamba ya maua wao ndio wengi, ilhali wanaoketi mezani na waajiri huwa karibu wote ni wanaume. Viongozi wa chama huchaguliwa kwa kura, na kura hiyo haihitaji nauli ya kwenda Busia. Mikutano ya tawi ikiitishwa jioni, wakati ambao mama anakimbia kumchukua mtoto, wanaobaki kupiga kura ni wale wasio na mtoto wa kuchukua. Dai lenu la kwanza ndani ya chama liwe saa ya mkutano. Mkutano ukifanywa wakati wa mapumziko ya mchana, ndani ya shamba, mtaona sura ya uongozi ikibadilika.

Msiogope kwamba mtafukuzwa kwa kujitokeza. Ibara ya 41 ya Katiba inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na kushiriki shughuli zake, na Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inakataza kumwadhibu mtu kwa sababu hiyo. Najua kwamba sheria na hofu hulala chumba kimoja, kwa hiyo nendeni mkiwa wengi na mwandike kila kitu.

Suala la watoto ni tofauti kabisa. Jedwali la Nne la Katiba limeviweka vituo vya malezi ya watoto miongoni mwa kazi za serikali za kaunti, pamoja na elimu ya chekechea. Hilo si jambo la mwajiri peke yake wala la chama cha wafanyakazi. Ni jambo la Mwakilishi Wadi wenu na bajeti ya Kaunti ya Nakuru. Na hapo, dada, lile jambo ambalo wenzako wanaliona dogo linakuwa kubwa mno. Mwakilishi Wadi huhesabu watu walio katika daftari la wapiga kura la wadi yake. Akijua kwamba wanawake wa Karagita wanapiga kura Vihiga au hawapigi kabisa, atawasikiliza kwa heshima na kisha ataupeleka mradi kwingine. Kiti cha wadi mara nyingi huamuliwa kwa tofauti ya kura mia chache, nanyi mko wangapi katika mashamba hayo?

Mwalimu, Kakamega, anajibu:

Nimemsoma mama mstaafu kwa makini na nakubaliana naye katika mengi, ila nina wasiwasi kuhusu kuhamisha kura. Wanawake wanaoondoka Kakamega, Vihiga na Busia kwenda kutafuta kazi Naivasha na Nairobi ni wale wenye umri wa kufanya kazi, wenye ujasiri na wanaojua mshahara ni nini. Wote wakihamisha kura, wanaobaki kuchagua viongozi wa huku watakuwa wazee wetu na watu wenye ardhi. Mama wa Lurambi anayemlea mjukuu kwa fedha zinazotumwa kutoka Naivasha anahitaji zahanati yenye dawa, na binti yake aliye Naivasha anahitaji zahanati hiyo vilevile, kwa sababu mtoto ni wake. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na haja ya kweli katika sehemu mbili, na sheria inampa kura sehemu moja tu. Sisemi msihamishe. Nasema kila mmoja apime mtoto wake analelewa wapi.

Kuhusu kama kura na utetezi wa kazini ni njia mbili zinazopingana, historia inaonyesha kwamba zimekuwa zikienda pamoja. Mfano ninaowafundisha wanafunzi wangu ni wa New York. Tarehe 25 Machi 1911 kiwanda cha nguo cha Triangle kilishika moto, na wafanyakazi 146 wakafa, wengi wao wasichana wahamiaji, kwa kuwa mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Wasichana hao hawakuwa na haki ya kupiga kura. Wenzao walikuwa wamegoma miezi mingi kabla yake wakidai mazingira bora, na baada ya moto waliandamana, wakatoa ushahidi mbele ya tume ya uchunguzi ya jimbo, hata sheria za usalama viwandani zikatungwa. Wanawake wa jimbo hilo walipata kura mwaka wa 1917, na wa Marekani nzima mwaka wa 1920. Frances Perkins, aliyeushuhudia moto ule akiwa barabarani, akawa Waziri wa Kazi mwaka wa 1933, mwanamke wa kwanza katika baraza la mawaziri la Marekani. Kwao utetezi ulitangulia, na kura ikaja kuulinda utetezi usifutwe.

Kwetu mambo yalikuja kwa mpango mwingine. Katika uchaguzi wa Waafrika wa 1957, serikali ya kikoloni iliifunga haki ya kupiga kura kwa masharti kama elimu, mapato na mali, na kwa masharti hayo wanawake wengi mno waliachwa nje bila hata kutajwa kwa jinsia yao. Kufikia mwaka wa 1963 kila mtu mzima alikuwa na kura, mwanamke sawa na mwanamume. Hivyo mama zetu waliipata kura kabla ya kupata sheria ya malipo sawa, nayo sheria ilikawia sana. Nadhani ndiyo sababu wengi huiona kura kama sherehe ya kila miaka 5, iliyo mbali na mshahara.

Pia tusisahau Bunge, kwa kuwa ndilo hutunga sheria za kazi. Katiba ya 2010 inasema katika Ibara ya 27 kwamba wanachama wa chombo chochote cha kuchaguliwa au kuteuliwa wasizidi theluthi mbili za jinsia moja. Phoebe Asiyo, aliyekuwa mbunge wa Karachuonyo, alikuwa amepeleka hoja ya kuwaongezea wanawake nafasi za uongozi tangu mwaka wa 1997, na Bunge likaikataa. Katika mabunge ya kaunti kanuni hiyo inatekelezwa kwa viti vya kuteuliwa vinavyojaziwa baada ya uchaguzi. Katika Bunge la Kitaifa haijatimizwa. Miswada imepelekwa zaidi ya mara moja, na kura 233 zinazohitajika kubadilisha Katiba hazikupatikana. Mwezi wa Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria hiyo, na halikuvunjwa. Katika maeneo bunge 290, wanawake walioshinda mwaka wa 2022 ni takriban sehemu moja ya kumi. Anayedhani kwamba jambo hili haliwahusu wanaofunga maua afikirie ni nani watakaoketi siku muswada wa kurekebisha Sheria ya Ajira utakapofika.

Mfanyabiashara wa Kibuye, Kisumu, anajibu:

Mwalimu ameeleza vizuri kuhusu Bunge, nami nitasema kuhusu kaunti, kwa sababu sisi wanawake wa soko tumeishi na kaunti kila siku. Hatuna mwajiri wala makubaliano ya pamoja. Anayetutoza ada ndiye anayepaswa kutujengea choo, kutuletea maji na taa na kuondoa taka, na huyo ni serikali ya kaunti. Kwetu, mapambano ya usawa kazini ni mapambano ya bajeti.

Nilichojifunza ni kwamba bajeti ina tarehe zake, na anayefika baada ya tarehe hufika kulalamika tu. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika Bunge la Kaunti ifikapo tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha ifikapo tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti ifikapo tarehe 30 Aprili. Mradi usioingia katika mpango wa Septemba ni vigumu sana kuupata Aprili. Sasa tazama, dada wa Naivasha: vikao vya kusikiliza maoni ya wananchi kuhusu waraka wa Februari hufanywa Januari na Februari, mchana, siku za kazi. Huo ndio msimu wenu wa Siku ya Wapendanao! Hakuna mwanamke wa maua anayeweza kuomba ruhusa wakati huo. Si ajabu kituo cha malezi hakitajwi, kwa kuwa wenye watoto hawamo ukumbini.

Msingojee kikao. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, katika kifungu cha 15, inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi rasmi katika Bunge la Kaunti kuhusu jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake. Andikeni ombi la kituo cha malezi, mlitaje Jedwali la Nne kama mama mstaafu alivyoeleza, muweke majina, namba za vitambulisho na sahihi, na mlipeleke mwezi wa Julai au Agosti, kabla mpango wa Septemba haujafungwa. Ombi la maandishi lina namba na lina karani aliyelipokea. Maneno ya barazani hayana.

Huku Kisumu tuna kumbukumbu ya Grace Onyango, aliyekuwa mwalimu, kisha akawa meya wa mji huu mwaka wa 1965, mwanamke wa kwanza kuwa meya nchini Kenya, na mwaka wa 1969 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuwa mbunge. Kuwapo kwake uongozini kulitufundisha kwamba mwanamke anaweza kuketi pale. Kazi ya kufuatilia karatasi, hata hivyo, haifanywi na aliyeketi peke yake. Inafanywa na walio chini wakirudi mara kwa mara na nakala mkononi.

Katibu wa chama, Naivasha:

Nawashukuru sana nyote. Jambo la misimu sikuwa nimelifikiria, na nilipowasomea wenzangu maelezo ya mama wa Kibuye palitokea ukimya, kisha wote wakaanza kuzungumza kwa pamoja.

Mwalimu, hoja yako imetugusa, kwa sababu baadhi yetu watoto wako nyumbani na baadhi wako nasi hapa. Tumeelewana kwamba hatutamlazimisha mtu. Wale ambao watoto wao wako Karagita ndio waliosema watahamisha kura, na wale wenye watoto nyumbani watabaki walivyo, na chama kitawasaidia nauli ya kwenda kupiga kura kutoka katika mfuko wetu wa akiba. Wote, wawe wamehama au hawajahama, watalitia sahihi ombi, kwa kuwa ombi halihitaji mtu awe mpiga kura wa hapa.

Ninayo maswali mawili kwa mama mstaafu. Kuhamisha kura kunafanywaje, na mwisho wake ni lini? Na siku ya uchaguzi, ikiwa shamba lina oda ya haraka na msimamizi anataka watu wabaki, tutajitetea kwa lipi?

Mwakilishi wa wafanyakazi mstaafu, Nakuru, anajibu:

Dada, mpango huo wa kuwaachia wengine kura zao nyumbani ni wa busara, wala sikuwa nimeufikia mimi mwenyewe.

Kuhamisha, kila mmoja hufika mwenyewe katika ofisi ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ya eneo bunge analohamia, akiwa na kitambulisho cha taifa au pasipoti aliyojiandikishia, na kuomba kubadilishiwa kituo. Hakuna anayeweza kumfanyia mwenzake, kwa hiyo jihadharini na mtu yeyote anayejitolea kukusanya vitambulisho vyenu, hasa akiwa ametumwa na mwanasiasa. Sheria ya Uchaguzi inataka ombi hilo lifikishwe si chini ya siku 90 kabla ya uchaguzi. Kwa uchaguzi wa tarehe 10 Agosti 2027, msivuke mwezi wa Aprili. Nendeni mapema, msimu wa maua ukiwa umetulia, na msingoje foleni za mwisho.

Kuhusu siku yenyewe, Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamtaka mwajiri ampe kila mpiga kura aliye kazini muda wa kutosha wa kwenda kupiga kura, bila kumkata malipo wala kumwadhibu kwa kutokuwapo kazini wakati huo. Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, na aliye foleni saa ya kufunga huruhusiwa kupiga kura. Mwandikieni meneja barua wiki kadhaa kabla, kupitia kwa mwakilishi wenu wa wafanyakazi, mkipendekeza zamu zitakazomwezesha kila mtu kufika kituoni. Wale watakaosafiri hadi Busia na Vihiga waombe siku zao za likizo ya mwaka mapema, maana muda wa kupiga kura hautawatosha kwenda na kurudi. Nakala ya barua ibaki kwako, ikiwa na muhuri wa ofisi na tarehe ya kupokelewa.